Saa ya Kifahari ya Jina la Zamani: Namna ya Kupanga Bei Ukiwa Tanga

Seiko ya Japani ilitoa saa yake ya mkono ya betri, Astron, tarehe 25 Desemba 1969. Miaka kumi na tano baadaye, kwa ushindani wa saa za namna hiyo, viwanda vya saa vya Uswisi vilikuwa vimepoteza sehemu kubwa ya wafanyakazi wake, na majina mengi ya zamani yalibaki kwenye daftari za usajili tu. Leo majina hayo yananunuliwa na kurudishwa sokoni. Mfanyabiashara wa Tanga mwenye mtaji na subira anaweza kulimiliki moja, akaagiza Uswisi mashine za ndani ya saa, akauza saa zake hapa, Dar es Salaam, Mombasa na Muscat. Ugumu unakuja siku ya kuandika bei kwenye kibandiko.

Bei ya saa ya kifahari hupangwa kutoka juu kurudi chini. Chagua kwanza saa yako itakaa rafu gani dukani na jirani zake watakuwa nani, kisha uangalie kama gharama zako zinakuruhusu kukaa hapo. Anayeanza na gharama akazidisha mara mbili huishia na bei isiyolipa duka na isiyomshawishi mnunuzi.

Jua umenunua nini

Kuna jina tupu, kuna jina pamoja na michoro na daftari za kiwanda, na kuna jina ambalo ukoo wa mwanzilishi bado unalisimamia. Haya matatu hayauzwi bei moja. Kagua usajili wa alama ya biashara katika daraja la 14, ndilo la saa na vito, kwa kila nchi utakayouza. Kwa Tanzania Bara utaenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na Zanzibar ina msajili wake, kwa hiyo cheti cha Bara hakikulindi Unguja.

Angalia waliokutangulia. Blancpain inajivunia mwaka 1735, lakini Jean-Claude Biver na Jacques Piguet walipoinunua mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa jina lililolala, na walilipa takriban faranga 22,000 za Uswisi. Mwaka 1992 iliuzwa kwa faranga milioni 60. Kilichopandisha thamani katikati ya miaka hiyo ni mashine nzuri za kiwanda cha Frédéric Piguet, saa zinazoonyesha mwezi unavyoandama, na kiapo cha kutotengeneza saa ya betri kamwe. A. Lange & Söhne ya Glashütte, Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1845 na kutaifishwa mwaka 1948. Walter Lange, kitukuu cha mwanzilishi, aliisajili upya Desemba 1990, lakini saa nne za kwanza zilionyeshwa Oktoba 1994. Karibu miaka minne bila saa ya kuuza! Walisubiri hadi walipokuwa na mashine yao wenyewe, ndipo wakadai bei ya juu tangu siku ya kwanza.

Kama ulicho nacho ni jina tupu, sema hivyo. Andika mwaka wa kuanzishwa, mwaka wa kufungwa na mwaka wa kurudi. Wakusanyaji wa saa wanajua pengo lilipo, na ukiandika "bila kukatika tangu" wakati milango ilifungwa miaka arobaini, watakuanika hadharani na bei yako itaanguka kabla mzigo haujafika bandarini.

Tafuta rafu yako

Chukua karatasi, andika saa kumi hadi kumi na mbili zinazouzwa sasa zenye mashine, chuma na ukubwa kama wa saa yako. Weka bei halisi za madukani, zikiwa na kodi. Mashine ndiyo ya kwanza kuandikwa kwa sababu ndiyo ya kwanza kuulizwa. Fundi saa yeyote wa Ngamiani akifungua mfuniko ataitambua Seiko NH35 inayopiga mara 21,600 kwa saa, na ataitofautisha na Sellita SW200-1 ya Uswisi inayopiga 28,800 ikiwa na vito 26, yaani vijiwe vya kupunguza msuguano ndani ya mashine. Saa yenye NH35 haikai rafu moja na ya Sellita hata jina liwe la karne mbili.

Kisha tafuta bei za saa zenyewe za zamani, zile zilizotengenezwa kabla kiwanda hakijafungwa. Kusanya mauzo ishirini au zaidi yaliyokamilika, yaani fedha zilizolipwa; bei aliyoiomba muuzaji haihesabiwi. Tupa zile zilizopakwa uso upya au kubadilishwa mishale. Ikiwa saa ya zamani iliyo safi inapatikana kwa dola 600 na mpya yako unataka dola 2,800, anayelipenda jina atanunua ya zamani na chenji atapeleka kwa fundi. Ikiwa ya zamani inapita dola 5,000, mpya yako inaonekana mlango wa kuingilia. Jina ambalo saa zake za zamani hazitafutwi na mtu halina urithi wa kukutolea bei. Itakubidi ulijenge upya, na hiyo ni kazi ya miaka.

Hesabu ya kurudi nyuma

Tuchukue mfano. Toleo la kwanza ni saa 300, chuma cha pua cha 316L, kioo cha safaya, mashine ya SW200-1. Umechagua rafu ya dola 2,850 ikiwa na VAT ya asilimia 18. Ondoa VAT, zinabaki 2,415. Duka la kifahari linachukua kati ya asilimia 40 na 50. Tuseme 45, yaani 1,087. Mkononi mwako zinabaki 1,328.

Sasa upande wa gharama, kwa saa moja: mashine 190, kasha na kioo 110, uso na mishale 60, mkanda na bizimu 30, kuunganisha, kurekebisha mwendo na kupima kama maji hayaingii 70, sanduku na vitabu 25. Jumla 485. Wengi huishia hapo na kufurahi. Bado kuna michoro, kalibu, sampuli, usajili na picha: dola 60,000 zikigawanywa kwa saa 300 ni 200 kwa kila moja. Ongeza 41 kwa ajili ya saa zitakazokataliwa na zitakazorudi na waranti, na 14 za usafiri na bima. Sakafu yako ni 740, kabla ya ushuru wa forodha.

Ukitoa 740 kwenye 1,328 unabaki na 588. Humo ndimo utakamotoa mishahara, pango, matangazo, ushuru na riba, na kinachobaki kinanunua mzigo wa pili. Sasa mjaribu yule anayezidisha gharama mara mbili: 740 inakuwa 1,480 kabla ya VAT, duka linachukua 666, anabaki na 814. Tofauti na sakafu ni dola 74, na hana cha kununulia toleo la pili.

Utashawishika kukwepa duka na kuuza mwenyewe kwa simu kwa bei ya chini. Usifanye hivyo kama unataka maduka baadaye. Bei ya rejareja iwe moja kila mahali, na ukiuza mwenyewe ile asilimia 45 ilipie kazi ambayo duka lingefanya: kuonyesha, kupokea marejesho, kubadilisha mkanda, kumfundisha mteja.

Hesabu ya ndani unaweza kuifanya kwa faranga au dola, lakini kibandiko cha dukani Tanga kiwe cha shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei ya mauzo ya ndani kwa fedha za kigeni. Weka akiba ya asilimia 5 hadi 8 kwa kuyumba kwa shilingi, na pitia bei mara mbili kwa mwaka. Bei inayobadilika kila wiki ni ya duka la kubadilishia fedha. Andika namba nzima pia. Mkia wa 999 ni wa vyombo vya plastiki.

Kila dola ya ziada iwe na jibu la kushikika

Ukiweka bei juu ya jirani yako wa rafuni, mnunuzi aweze kuona au kuhisi sababu bila kuhubiriwa. Zungusha ufunguo, kile kitufe cha ubavuni cha kuwekea majira: unashika vizuri au unacheza? Tazama mishale kwa lenzi ya mara kumi: kingo zimesuguliwa au zina mikwaruzo ya mashine? Kama unasema mwendo umerekebishwa, taja kipimo. Cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, kinataka wastani wa kati ya kuchelewa sekunde 4 na kuwahi sekunde 6 kwa siku, baada ya siku 15 za kupimwa katika mikao mitano na kwenye nyuzi 8, 23 na 38. Huna cheti? Ambatanisha karatasi ya vipimo ya saa ileile, yenye namba yake.

Maandishi ya Swiss Made yana masharti: tangu 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa iwe ya Uswisi, mashine iingizwe kwenye kasha huko, na ukaguzi wa mwisho ufanyike huko. Ukiunganisha Tanga huwezi kuyaandika. Sema wazi kwamba mashine ni ya Uswisi na saa imeunganishwa Tanga, kisha jilinganishe na waliounganisha nje ya Uswisi, kwa sababu hapo ndipo rafu yako ilipo.

Pwani ina gharama zake, na wageni wa biashara hii huzisahau. Jasho na chumvi huua mkanda wa ngozi haraka, na mteja aliyelipa mamilioni hatakubali kuambiwa ni hali ya hewa. Weka mkanda wa mpira au turubai kama wa kwanza, wa ngozi uwe wa pili ndani ya sanduku. Ringi za mpira chini ya ufunguo na mfuniko zibadilishwe na saa ipimwe maji upya kila baada ya miaka miwili. Gharama hiyo iingie kwenye bei tangu mwanzo. Ukungu ndani ya kioo mara nyingi chanzo chake ni ufunguo ambao haukukazwa, kwa hiyo muuzaji amwonyeshe mteja kwa mkono, asimwachie kitabu. Sanduku la mbao likitengenezwa hapa, mbao zikaushwe sawasawa, la sivyo mfuniko utajipinda kabla ya mwaka kwisha.

Toleo la Tanga

Toleo maalumu hupandisha bei likiwa na sababu. Kuandika "Tanga" nyuma ya kasha na kuongeza asilimia 20 hakutoshi. Sababu nzuri ipo tayari midomoni mwetu: majira ya Kiswahili. Saa nyingi zinaonyesha 7 tunapotamka saa moja asubuhi. Chapisha duara la pili la namba, dogo, ndani ya duara la kawaida: 1 ikae mkabala na 7, 6 mkabala na 12, 12 mkabala na 6. Mvaaji anasoma saa za ofisini na za nyumbani kwa mshale uleule, bila mashine kubadilishwa hata kidogo.

Kinachoharibika hapa ni uchapaji. Duara la pili likisogea hata kidogo, jicho linaliona kwenye saa sita na saa kumi na mbili, pale namba zinapokutana na mstari wa katikati. Agiza nyuso kumi za sampuli, ziweke chini ya lenzi, kataa zote kama tatu zimekwenda upande. Wino wa duara la ndani uwe hafifu kidogo kuliko wa nje, la sivyo uso unakuwa kama ratiba ya basi. Saa 100 zinatosha, zikiwa na namba kuanzia 1 hadi 100, kwa asilimia 10 hadi 15 juu ya toleo la kawaida. Ukiahidi 100, usitengeneze ya 101 hata rangi ibadilike.

"Mwisho ngapi?"

Swali hili litakuja, na anayeliuliza hana kosa, ndivyo tunavyonunua. Lakini fikiria punguzo la asilimia 20 kwenye mfano wetu. Bei kabla ya VAT inashuka kutoka 2,415 hadi 1,932, duka likichukua asilimia yake ileile unabaki na 1,063, na ile 588 yako imekuwa 323. Umepoteza asilimia 45 ya pato kwa kutoa 20. Zaidi ya hapo, aliyelipa bei kamili wiki iliyopita atasikia, maana Tanga si kubwa.

Muuzaji afundishwe kutoa kitu badala ya kushusha. "Nifanyie kidogo, kaka." "Bei yake ni hiyo kwa kila mtu, shekhe, lakini nakuwekea mkanda wa pili, na kipimo cha maji cha miaka miwili juu yetu." Mkanda unakugharimu dola 30 na mteja anauthamini zaidi ya hapo. Mpe risiti ya EFD na kadi ya waranti yenye namba ya saa. Siku akitaka kuiuza, karatasi hizo zitamlindia bei.

Vivyo hivyo kwa wanaolipia kabla ya saa kutengenezwa. Wape namba za mwanzo na jina ndani ya mfuniko. Ukiwapa nusu bei, nusu hiyo ndiyo itakayokumbukwa kuwa bei halisi, na kila atakayekuja baadaye ataona anaibiwa.

Kupandisha bei, na mzigo usiotoka

Pandisha baada ya toleo la kwanza kwisha, asilimia 5 hadi 8, na waarifu wenye maduka siku 60 kabla. Kila nyongeza iambatane na kitu kilichoboreshwa, hata kiwe bizimu bora au mng'ao mzuri zaidi wa namba gizani.

Saa zisipotoka kwa miezi kumi na minane, usizitoe kwa mnada wala usizimwage kwa wachuuzi. Zirudishe kutoka madukani kwa bei uliyowauzia. Kama kosa ni rangi ya uso, badilisha uso na uzitoe upya kwa jina jingine la toleo. Kama kosa ni kasha, zivunje: mashine, vioo na funguo viingie kwenye kabati la vipuri na kuandikwa daftarini, vikahudumie waranti za matoleo mengine.