Kisu kilicholiwa na kutu: namna ninavyokirudisha jikoni

Hapa Mtwara chuma kina kazi kubwa ya kuishi. Nyumba za Shangani na Mikindani zinapigwa na upepo wa bahari, na upepo huo unabeba chumvi. Chumvi ikitua juu ya kisu inavuta unyevu kutoka hewani, na maji ya chumvi yanakula chuma haraka kuliko maji ya mvua. Kwa hiyo naletewa visu ambavyo wenyewe wameshavikatia tamaa. Juzi mama mmoja alileta kisu cha marehemu mama yake, alikikuta nyuma ya kabati, chekundu kama udongo wa Newala. Nitaeleza kwa kisu hicho.

Kwanza jua kama ni chuma cha kaboni. Sumaku haitakuambia, maana visu vingi visivyoshika kutu navyo vinavutwa. Piga msasa sehemu ndogo mpaka ing'ae, ipake ndimu, subiri dakika chache. Ikigeuka kijivu, ndicho. Visu vya wahunzi vilivyofuliwa kwa springi za gari huwa vya aina hii, na ni chuma kizuri sana.

Kisha tafuta ufa kabla hujapoteza jasho. Paka mafuta ya taa, ngoja robo saa, futa mpaka pakauke, halafu sugua chaki ubapa wote. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatachora mstari juu ya chaki. Ufa unaotoka kwenye makali kwenda mgongoni ukiwa mrefu, usikitumie tena kisu hicho.

Sasa kutu. Laza kisu juu ya ubao, makali yaelekee mbali nawe, ukwangue magamba yaliyovimba kwa kipande cha bati au kisu kibutu. Halafu loweka kitambaa kwenye siki nyeupe, uzungushie ubapa tu. Mpini usiuguse siki: wa yule mama ni wa mpingo, na maji yakipenya kwenye tundu la mpini, kutu itaendelea ndani ambako huioni. Kila baada ya dakika 10 fungua, sugua kwa stilwaya ya masufuria, rudishia. Nusu saa inatosha kwa visu vingi, na saa moja ndiyo mwisho wangu. Siki haili kutu peke yake, inakula na chuma. Miaka ya nyuma nililaza kisu cha mteja kwenye siki usiku kucha, asubuhi makali yalikuwa yamelika na ubapa umekwaruka wote. Nilimlipa, lakini kisu chake hakikurudi.

Ukitoa kwenye siki, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ule ukali, suuza tena kwa maji matupu, ufute papo hapo.

Hapa ndipo watu wengi wanakimbilia grinda. Nakusihi, usifanye. Kisu kilipotengenezwa kilipashwa moto, kikazimwa, yaani kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo, kwa kawaida wa nyuzijoto 200 hivi, ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Grinda inapandisha joto la makali kwa sekunde chache. Ukiona rangi ya bluu imetokea, pale pamefika karibu nyuzijoto 300 na ugumu umepungua. Utanoa leo, kesho ni butu.

Tumia msasa wa maji na mkono wako. Anza namba 240, au 120 kama kuna vishimo, halafu 400, umalizie 600. Zungushia msasa kwenye kipande cha mti, lowesha, sugua kwa mwelekeo mmoja kutoka mpinini kwenda nchani. Vishimo vya katikati ya ubapa usivifukuze, utakondesha kisu bure. Kilichopo kwenye makali lazima kiishe, la sivyo patamegeka.

Ukijikata, osha vizuri na uende zahanati kama kidonda ni kirefu. Kutu yenyewe haileti pepopunda, lakini vijidudu vya ugonjwa huo vinaishi kwenye udongo, na kisu cha zamani kimelala mahali pengi.

Kunoa: kunja kona ya karatasi katikati, kisha kunja tena. Hiyo ni nyuzi 22 na nusu. Laza kisu juu ya kinoo chini kidogo ya hapo, sukuma upande mmoja mpaka usikie kwa kidole kinyuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili. Geuza, fanya vilevile, malizia kwa kupitisha taratibu pande zote.

Jambo ninalotamani kila mtu alielewe ni hili: weusi si kutu. Kutu nyekundu ni nyepesi, inabanduka, na chini yake chuma kinaendelea kuliwa. Weusi unaotokana na chakula umeshikamana na chuma na unapunguza kasi ya kutu. Aliyekata mabibo msimu wa korosho anaujua. Mabibo yana tanini, nayo ikikutana na chuma inatoa weusi. Chai nayo inayo. Chemsha chai ya rangi nzito, tia siki kidogo, osha kisu kwa sabuni kisiwe na mafuta, tumbukiza ubapa nusu saa. Kitatoka cha kijivu iliyoiva. Suuza, kausha, paka mafuta ya nazi.

Baada ya hapo kisu kisilale kibichi hata usiku mmoja, wala kisikae kwenye ala ya ngozi, inatunza unyevu. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na mbili hivi, kipake mafuta kila ukimaliza kupika. Ukiona vidoa vyekundu, sugua kwa majivu na ndimu hapo hapo tu, suuza, kausha, rudishia mafuta.

Cha yule mama kimebaki na vishimo vitatu karibu na mpini. Nilikifunga kwenye kipande cha kanga chenye mafuta ya nazi, nikamwomba, mama, huu weusi usiusugue.