Somo: Kuleta mzigo wa biashara kutoka ng'ambo mpaka Lubumbashi, uchague njia gani

Wengi wakitafuta usafiri wanauliza swali moja tu: "Konteneri kutoka China ni ngapi?" Wanapewa bei, wanafurahi, wanalipa. Lakini bei ile inaishia bandarini Dar es Salaam, na Dar iko mbali na Kenya (Kenya yetu, mtaa wa hapa Lubumbashi, siyo nchi). Katikati kuna karibu kilomita 2,000 za barabara, mipaka miwili, na siku za kungoja ambazo kila moja ina bei yake. Kwa hiyo katika somo hili tunalinganisha bei moja tu, ile ya mzigo ukiwa umeshushwa depo kwako na karatasi zote ziko mkononi. Bei nyingine yoyote ni nusu ya habari.

Hatua ya 1. Pima mzigo kabla ya kupigia mtu simu

Mwombe muuzaji urefu, upana na kimo cha katoni, kilo zake, na hesabu ya katoni zote. Akikwambia "ni katoni 50 tu", hajakwambia kitu.

Chukua katoni ya sm 60 kwa 50 kwa 40. Zidisha: ni sm za ujazo 120,000, yaani mita za ujazo 0.12. Kampuni za ndege zinagawa ile 120,000 kwa 6,000, inatoka 20. Hizo ndizo kilo za ujazo. Ukijaza nywele za bandia, mizani itaonyesha labda kilo 9, lakini utalipia 20. Ukijaza vipuri vya pikipiki, itaonyesha labda 35, na utalipia 35. Ndege inachukua namba iliyo kubwa. Hawa wa kubeba haraka mpaka mlangoni wanagawa kwa 5,000, kwa hiyo katoni ileile kwao inaanzia kilo 24.

Meli ina hesabu yake. Katika grupaji wanalinganisha tani moja na mita moja ya ujazo, wanalipisha iliyo kubwa. Katoni ya vipuri, kilo 35 ndani ya mita 0.12, kwa meli inalipiwa ujazo tu, na ule uzito haukuumizi. Ndiyo maana mwenye vipuri, kufuli au misumari asifikirie ndege ila gari la mteja limelala garajini na mteja mwenyewe amekubali kulipa.

Hatua ya 2. Ndege, grupaji au konteneri nzima

Ndege ni ya kitu chepesi chenye bei, au kitu ambacho msimu wake unapita: simu, nguo za sikukuu, sampuli. Mzigo unashuka Luano, uwanja wetu wa ndege, ndani ya siku chache, mara nyingi ukiwa umepitia Addis Ababa au Nairobi. Pesa yako hailali. Usisahau hilo: mtaji wa kukopa unaokaa miezi miwili hadi mitatu baharini na barabarani unazaa riba wakati wewe hujauza hata kimoja.

Grupaji, yaani mzigo wako ndani ya konteneri pamoja na mizigo ya wengine, inafaa mwenye mita moja hadi kumi hivi. Ubaya wake ni kwamba unafungwa na majirani usiowajua. Mmoja akiwa na fakture (ankara) ya uongo, konteneri nzima inasimama duane (forodha), na wewe uliyesema ukweli unangoja naye.

Ukifika mita 13 hadi 15, omba bei ya konteneri nzima ya futi 20 hata kama hutaijaza. Mara nyingi hapo ndipo bei mbili zinakutana. Futi 20 ina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, lakini katoni hazipangiki bila mapengo, kwa hiyo hesabu 26 hadi 28. Futi 40 ya kawaida ni 67, ile yenye kimo kirefu zaidi ni 76.

Hapa wauza vigae wanakosea. Wanaona futi 40 ni kubwa maradufu na bei yake haifiki mara mbili, wanaichukua. Lakini futi 40 haibebi uzito maradufu. Na barabarani kuna mizani: Tanzania lori na mzigo wake wote havipaswi kupita tani 56. Vigae, marumaru, chuma: futi 20. Magodoro, viatu, vyombo vya plastiki: futi 40 ya kimo kirefu.

Hatua ya 3. Bandari

Mzigo wa China, India au Dubai, kwangu ni Dar. Meli inavuka Bahari ya Hindi, lori linapita Tunduma, linaingia Zambia kwa Nakonde, linashuka Kapiri Mposhi, linazunguka Copperbelt mpaka Chingola, kisha Kasumbalesa. Kuna faida ambayo haiandikwi kwenye fakture: karani, transiteri (wakala wa kupitisha mizigo duane) na dereva wote mnaelewana bila mkalimani. Watacheka "aksanti" yetu, lakini mzigo ukikwama unapiga simu mwenyewe na unaelewa unachojibiwa.

Durban ni mbali zaidi na ina mipaka mingi. Njia ya zamani ni Beitbridge, Zimbabwe, Chirundu. Tangu daraja la Kazungula lifunguliwe mwaka 2021, malori mengine yanapita Botswana na kuiacha Zimbabwe pembeni. Kama bidhaa zenyewe unanunua Johannesburg, hapo huhitaji meli kabisa, lori linakuja moja kwa moja. Beira ni karibu kuliko Durban, omba bei yake pia. Walvis Bay iko upande wa Atlantiki, na lori linapitia Katima Mulilo na Zambia. Ina maana kwa mzigo wa Ulaya au Marekani.

Na Lobito? Kila wiki mtu ananiuliza, tangu Biden aende Angola Desemba 2024. Reli ipo, inatoka Lobito mpaka mpakani kwetu na kuendelea upande wa Kolwezi. Lakini inaendeshwa kwa ajili ya madini na mahitaji ya migodi. Mwenye mita nane za viatu aiache kwanza.

Jambo moja juu ya malori. Yale yanayopanda na bidhaa zetu mara nyingi yanashuka na shaba, na pesa nzuri ya mwenye lori iko kwenye shaba. Akiwa na mzigo wa kushukia unaomngoja huku Katanga, anataka kufika haraka, na bei ya kupanda inajadilika. Migodi ikipunguza kusafirisha, anakata pesa ya kwenda na kurudi juu yako wewe. Muulize transiteri hali ya shaba ikoje kabla hujakubali bei.

Hatua ya 4. Ununue FOB, CFR au CIF

FOB: muuzaji anaishia kupakia melini, meli unatafuta wewe. CFR: analipa meli mpaka bandari iliyotajwa. CIF: analipa meli na bima. Wageni wanapenda CIF kwa sababu inaonekana imekamilika. Soma vizuri. Bima ambayo CIF inamlazimu muuzaji kuchukua ni ile ndogo kabisa, haihusu wizi, na kama imeandikwa CIF Dar es Salaam inaishia Dar. Sehemu ya kuibiwa ni kutoka Dar kuja huku! Tena sheria ya bima ya 2015 inataka mzigo unaoingia nchini ukatiwe bima kwa kampuni yenye ruhusa hapa Kongo. Basi usilipe bima mara mbili: nunua FOB au CFR, bima kata hapa, na useme waziwazi iandikwe mpaka depo.

Ushuru wenyewe DGDA (duane ya Kongo) wanauhesabu juu ya thamani ya bidhaa pamoja na usafiri na bima, kwa asilimia 5, 10 au 20 kufuatana na bidhaa, kisha TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 inakuja juu ya jumla. Maana yake hata usafiri unalipiwa ushuru. Anayeleta kwa ndege bidhaa ya asilimia 20 analipa ndege, halafu analipia ushuru ile bei ya ndege.

Hatua ya 5. Karatasi, kabla mzigo haujapakiwa

Namba ya import-export, RCCM (usajili wa biashara) na namba ya kodi ziwe tayari. Tangazo la kuingiza bidhaa linafanyika bankini. FERI, fomu ya taarifa za mzigo ya OGEFREM (ofisi ya serikali ya usafirishaji wa mizigo), inaombwa kabla ya kupakia na namba yake inatakiwa ionekane kwenye BL (hati ya mzigo wa meli). Ukaguzi kwa niaba ya OCC (ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa) unafanyika huko huko bidhaa zinakotoka. Ukiacha moja, faini inakungoja Kasumbalesa, na huko hakuna anayekuonea huruma.

BL ndiyo soma neno kwa neno ikiwa bado rasimu. Jina la kampuni yako liwe kama lilivyo kwenye RCCM, herufi kwa herufi. Iandikwe kwamba mzigo unapita tu Tanzania kwenda Kongo, Lubumbashi. Kurekebisha BL meli ikiwa baharini kunalipiwa, na siku zinakwenda.

Hatua ya 6. Omba bei kwa maandishi, kipande kwa kipande

Meli, gharama za bandari pande zote mbili, dhamana ya transiti, dhamana ya konteneri, lori, mipaka, transiteri, kurudisha konteneri tupu. Kipande ambacho hakijaandikwa ndicho utakachodaiwa baadaye. Uliza siku za bure (kabla hujaanza kutozwa) ni ngapi bandarini na ngapi konteneri ikiwa nje, na uombe ziongezwe kabla ya kuhifadhi nafasi melini, maana wakati huo bado wanakutaka. Mara ya kwanza chukua BL inayofika mpaka Lubumbashi, kampuni ya meli yenyewe ikibeba jukumu la lori. Ni ghali kidogo. Ukishajua watu na njia, ndipo uchukue BL ya Dar na utafute lori mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Katuba: Yaya, aksanti kwa somo. Mimi niko na mita mbili za vitenge na nguo za watoto, Guangzhou. Kuna mtu ananipa bei moja mpaka Lubumbashi, duane ndani yake. Nikubali?

Jibu: Mama, kwa mita mbili njia hiyo watu wengi wanaitumia, na sikukatazi. Ila ujue mzigo unasafiri kwa jina lake, siyo lako. Ukikamatwa huna karatasi hata moja ya kudai. Na TVA aliyolipa huwezi kuirudisha kwenye hesabu zako. Mwambie akupe risiti yenye hesabu ya katoni, ujazo, picha za katoni zikiwa na alama yako, na aandike atakulipa nini zikipotea. Akikataa kuandika, tafuta mwingine. Na vitenge vifungwe plastiki ndani ya katoni. Mvua ya Tunduma haichagui.

Fundi Sola: SNEL inatukatia umeme kila siku, wateja wanataka betri za litiamu haraka. Naweza kuzileta kwa ndege?

Jibu: Kwa ndege ya abiria, hapana. Tangu Aprili 2016 betri za litiamu-ayoni zinazosafiri peke yake, bila kifaa chake, zimekatazwa kama mzigo katika ndege za abiria. Pawabenki nazo zinahesabiwa humo humo. Ndege ya mizigo inawezekana, betri zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, maboksi ya kipekee na karatasi ya usalama kutoka kiwandani. Betri za nyumba ni nzito, kilo zitakumaliza. Leta kwa meli, utangaze kwamba ni mzigo wa hatari. Anayekushauri kuandika "vipuri vya umeme" anakuingiza kwenye moto, na hapo naongea moto wenyewe.

Kijana wa Kampemba: Muuzaji anasema atanifanyia "telex" nikimaliza kulipa asilimia 70. Ni kitu gani?

Jibu: BL za asili kwa kawaida ni tatu, na mwenye nazo ndiye mwenye mzigo. Telex maana yake muuzaji anazirudisha kwa kampuni ya meli huko, na kampuni inaambia ofisi yake ya Dar ikuachie bila karatasi ya asili. Inaokoa siku na pesa za kutuma bahasha. Lakini kabla hujalipa ile 70, tafuta namba ya konteneri kwenye tovuti ya kampuni ya meli, uone kweli imepakiwa. Baada ya kulipa, ngoja uthibitisho wa kampuni ya meli, siyo picha ya WhatsApp ya muuzaji.

Dada wa Kamalondo: Mimi mzigo unatoka Uturuki. Dar bado ni sawa?

Jibu: Linganisha, dada. Kutoka Uturuki kuja Dar njia fupi ni Suez na Bahari ya Shamu, na tangu mwisho wa 2023 meli nyingi ziliiacha kwa sababu ya mashambulizi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Meli ikizunguka huko inapita Walvis Bay na Durban kabla ya kupanda Dar. Uliza wakala hiyo meli yako inapita wapi hasa, kisha omba bei tatu, zote mpaka depo.

Msanii wa Shaba: Papa, mimi nageuza swali. Natengeneza picha za shaba za kugonga, kuna duka Ubelgiji linataka 40. Wewe unaongea kuleta tu, mimi nataka kupeleka.

Jibu: Kwa picha 40, ndege. Meli kwa mzigo mdogo hivyo, gharama za karatasi zitapita bei ya usafiri. Kwako tangazo la bankini ni lile la kutoa bidhaa, na transiteri wa Luano anajua njia yake. Wewe kabidhi mzigo kwa wakala wa ndege hapa, duka lilipe ndege na ushuru wa kwao. Usikubali kuuza "mpaka mlangoni, kila kitu kimelipwa", maana huwezi kujua duane ya Ubelgiji itakata nini.

Kitu cha pili ni sanduku. Ulaya haipokei sanduku la mbao ambazo hazijatibiwa kwa joto na kupigwa muhuri wake, ule wenye alama ya shuke la ngano. Fundi wa mbao akikutengenezea la kawaida, mzigo unaweza kurudishwa au sanduku kuchomwa, na anayelipa ni wewe. Tumia katoni nene ya tabaka mbili au sanduku la plywood, kati ya kila picha na nyingine weka povu, na pembe zivike kadibodi kwa sababu pembe za shaba ndizo zinakunjika. Na kama unataka kuongeza vitu vya malakiti humo ndani, usifunge kwanza. Malakiti ni madini, nenda uulize CEEC (ofisi ya serikali ya kuthibitisha madini) wanataka karatasi gani, ndipo upige misumari.