Kulipia Chuo Ukiwa Bado Kwenye Jeshi la Marekani: Utaratibu wa Hatua kwa Hatua

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaojiunga na jeshi la Marekani wakiwa na kadi ya kijani huniambia kuwa kilichowavuta ni masomo. Baada ya miaka mitatu au minne ninapowauliza wamefika wapi, baadhi yao hawajaanza, na wengine wameanza kwa kutumia fedha ambazo wangepaswa kuziacha hadi mwisho. Mimi nilisoma shahada yangu yote nikiwa kazini, usiku na siku za mwisho wa juma, na sasa huwasaidia askari wapya kupanga yao. Kanuni ninayowapa ni moja: fedha zinazorudi kila mwaka zitumike kwanza, na zile zinazotolewa mara moja tu maishani ziwekwe.

Hatua ya kwanza: kusanya krediti ulizo nazo tayari

Shahada ya kwanza huhitaji takriban krediti 120, yaani vipimo ambavyo vyuo vya Marekani hutumia kuhesabu uzito wa masomo, na kila krediti unayoweza kuithibitisha bila kuisomea upya ni ada ambayo hakuna atakayeilipa. Omba nakala ya mafunzo yako ya kijeshi, iitwayo Joint Services Transcript, au JST, ambayo hueleza kozi ulizopitia jeshini na krediti zinazopendekezwa kwa kila moja. Walio katika Jeshi la Anga hupata yao kupitia chuo chao wenyewe, Community College of the Air Force.

Kisha tafuta vyeti vya nyumbani. Ikiwa ulisoma chuo Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hata kwa mwaka mmoja, peleka matokeo hayo kwa kampuni ya kutathmini vyeti iliyo mwanachama wa NACES, chama cha kampuni za aina hiyo, na uombe tathmini ya somo kwa somo, kwa sababu ile ya jumla hueleza tu kiwango cha cheti na haikusaidii kupata krediti. Aliyefika kidato cha sita aulize chuo chake, kwani baadhi ya vyuo huyapa masomo hayo uzito.

Kuna pia mitihani ya CLEP na DSST, ambayo mwanajeshi hulipiwa jaribio la kwanza la kila mtihani. Ukifaulu mmoja, kwa kawaida unapata krediti 3 au zaidi kwa asubuhi moja ya kukaa mbele ya kompyuta. Vilevile jeshi lina mtihani wa lugha uitwao DLPT, na Kiswahili kimo. Alama zake zinaweza kupendekezewa krediti, na nimeona askari wenzangu wakikaa miaka kambini bila kujua kwamba lugha waliyonyonya kwa mama zao ina thamani hiyo.

Hatua ya pili: chagua chuo kwa kutazama bei na masharti

Chuo lazima kiwe kimetia saini makubaliano na Wizara ya Ulinzi, la sivyo jeshi halitakilipa chochote. Thibitisha jambo hilo kabla ya kujaza fomu yoyote. Baada ya hapo tazama ada ya kila krediti. Vyuo vingi vimeweka bei maalumu ya $250 kwa wanajeshi, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha juu ambacho jeshi hulipa, na vyuo vya jamii mara nyingi huwa chini yake. Ukipendelea chuo cha umma cha jimbo ulipo, sheria ya shirikisho inakulinda: askari aliye katika utumishi wa zaidi ya siku 30, na ambaye kituo chake cha kudumu kiko katika jimbo hilo, hutozwa ada ya mkazi, hata kama nyumbani kwake kisheria ni jimbo jingine, na mwenzi wake pamoja na watoto wake hupata haki hiyo hiyo.

Uwe mwangalifu na vyuo vinavyoendeshwa kwa faida, ambavyo hukupigia simu kila siku. Sheria huvitaka vipate sehemu ya mapato yao nje ya misaada ya serikali, na kwa miaka mingi iliviruhusu vihesabu fedha za wanajeshi kana kwamba hazikutoka serikalini, na hiyo ndiyo iliyowafanya watuwinde hadi milangoni mwa kambi. Mwanya huo uliwekewa sheria ya kuuziba mwaka 2021, lakini simu bado zinalia.

Hatua ya tatu: omba Tuition Assistance kabla somo halijaanza

Huu ndio mpango mkuu, na kambini kila mtu huuita TA. Jeshi hulipa ada moja kwa moja kwa chuo, hadi $250 kwa krediti na hadi $4,500 kwa mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Oktoba na kuisha tarehe 30 Septemba. Ukigawanya, utapata krediti 18, yaani masomo 6 ya kawaida kwa mwaka. Fedha usizotumia hazibebwi kwenda mwaka unaofuata, kwa hiyo mwaka uliokaa bila kusoma umepotea moja kwa moja.

Onana kwanza na mshauri katika ofisi ya elimu ya kambi, kwa sababu kila tawi lina kanuni zake za ziada, zikiwemo za muda wa kusubiri kwa askari wapya. Katika Jeshi la Nchi Kavu maombi hufanyika kwenye tovuti ya ArmyIgnitED. Unaingiza chuo na mpango wa shahada, unachagua somo, unaandika tarehe ya kuanza na gharama kama zilivyo kwenye orodha ya chuo, kisha unawasilisha. Hapo ndipo wengi hufunga kompyuta na kwenda zao. Maombi yaliyowasilishwa bado hayajaidhinishwa, na idhini isipotoka kabla ya siku ya kwanza ya somo, deni ni lako. Mimi mwenyewe nililipa $750 za somo la takwimu la krediti 3 kwa sababu tarehe niliyoandika ilitofautiana kwa siku moja na ya chuo, maombi yakarudishwa kwangu, nami nilikuwa porini kwenye mazoezi bila mtandao. Tangu hapo huwasilisha wiki tatu mapema, na hufungua ukurasa huo kila jioni hadi nione neno la idhini kwa macho yangu.

Zingatia masharti ya alama. Ukipata chini ya C katika somo la shahada ya kwanza, au chini ya B katika somo la uzamili, unarudisha fedha, na hukatwa kwenye mshahara. Ukiacha somo kwa hiari yako pia unarudisha. Ukiliacha kwa sababu umepelekwa kazini ghafla, kamanda wako anaweza kuthibitisha kwa maandishi na deni likafutwa, hivyo peleka fomu hiyo mapema kabla kikosi hakijaondoka. Somo lazima liishe kabla mkataba wako haujaisha. Maofisa, kwa upande wao, huongezewa miaka miwili ya utumishi kwa kutumia TA.

Mwenye shahada ya kwanza kutoka nyumbani aelewe kwamba TA kwa kawaida hailipii shahada nyingine ya ngazi ile ile. Huyo aelekee uzamili.

Hatua ya nne: jaza FAFSA kila mwaka

TA hulipa ada ya masomo tu. Vitabu, ada za maabara na za mtandao ni juu yako, na hapo ndipo inapoingia ruzuku ya Pell, ambayo serikali ya shirikisho huwapa wanafunzi wenye kipato kidogo. Huombwa kwa FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo. Kuijaza hakulipiwi, mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, na askari aliye kazini huhesabiwa kuwa anajitegemea, kwa hiyo mapato ya wazazi hayaulizwi. Posho ya nyumba haitozwi kodi, hivyo haimo katika mapato yanayotozwa kodi ambayo fomu hutazama. Askari wa cheo cha chini mwenye mke na watoto mara nyingi hufuzu. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango cha juu kabisa kilikuwa $7,395, ingawa anayesoma masomo machache hupata sehemu yake tu. Ruzuku hii hairudishwi ukimaliza masomo yako ipasavyo. Haitolewi, hata hivyo, kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza, hata kama aliipata nje ya Marekani.

Ikiwa uliingia jeshini ukiwa na mkopo wa zamani, mwandikie mkopeshaji na uambatanishe amri yako ya utumishi: sheria iitwayo SCRA inamlazimu kushusha riba hadi asilimia 6 kwa muda wote uliopo kazini.

Hatua ya tano: usiiguse GI Bill, lakini ipange

Post-9/11 GI Bill, mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotumikia jeshi, hukupa miezi 36 ya masomo, na ukitumikia miezi 36 unastahili asilimia 100. Aliyekwisha kutoka jeshini hulipiwa ada, hupewa fedha za vitabu hadi $1,000 kwa mwaka, na hupokea posho ya nyumba ya kila mwezi. Wewe uliye kazini ukiitumia, posho hiyo hupati, ilhali miezi yako inaliwa vilevile. Ndiyo sababu ninasisitiza TA na Pell zitangulie. Waliotoka jeshini kuanzia tarehe 1 Januari 2013 hawana tarehe ya mwisho ya kuitumia, kwa hiyo hakuna haraka.

Haraka ipo katika jambo moja tu, nalo ni kuihamishia familia. Ukishatumikia miaka 6 na ukakubali kuongeza miaka 4, unaweza kumgawia mwenzi au watoto miezi yako kupitia tovuti ya milConnect, na hilo lazima lifanyike ukiwa bado umevaa sare. Mtoto wa askari aliye kazini hupata posho ya nyumba, mwenzi wake hapati. Hakikisha kwanza kwamba kila jina limo katika DEERS, yaani daftari la jeshi la askari na familia zao, hasa watoto waliokuja baadaye kutoka Mombasa au Arusha, kisha mpe kila mmoja angalau mwezi mmoja. Baada ya kutoka jeshini unaweza kupunguza na kuongeza miezi kwa waliokwisha kupewa, lakini jina jipya halitakubaliwa tena.