Ukienda Mannarasala, jua kwanza unaingia nyumbani kwa watu

Watu wengi kutoka huku kwetu wanafika Kochi, jimbo la Kerala kule India, kumsindikiza mgonjwa, wanakaa wiki mbili tatu wanazunguka hospitali na supamaketi tu, wanarudi. Sasa kama umepata siku moja ya kupumua, panda treni inayoshuka kusini kupitia Alappuzha, teremka Haripad, halafu chukua bajaji (ndio, bajaji zilezile) umwambie dereva Mannarasala, kwenye hekalu la nyoka. Kama kilomita tatu hivi, hata hutamaliza kujifuta jasho.

Ila toka mapema. Mahekalu ya Kerala yanafungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, ukifika saa saba unakutana na mlango umefungwa na jua la kukuchoma utosi.

Pale pana hekalu la Nagaraja, mfalme wa nyoka, lakini pia pana illam, yaani nyumba ya ukoo wa Wanambudiri (Wabrahmini wa Kerala, tabaka la makuhani wa Kihindu) ambao ndio wenye ibada yenyewe, na wanaishi humohumo. Kwa hiyo ingia kama mgeni anavyoingia uani kwa watu, usije na mambo ya kitalii. Viatu vua, bega na goti funika, wanaume chukueni mundu, kile kitambaa cheupe cha kufunga kiunoni, kwa mtu wa pwani aliyezoea kikoi hiyo si kazi. Mahekalu mengi ya huko mwanaume anavua na shati kabla ya kusogea ndani, usishangae. Na kama wewe si Mhindu uliza getini unaruhusiwa mpaka wapi, maana Kerala mahekalu mengi hawaruhusu wasio Wahindu kuingia ndani, ukiambiwa ishia hapa we ishia hapo, usidanganye. Huko nje kwenyewe kuna vya kutosha kuangalia.

Cha kuangalia hasa ni kavu, msitu wa nyoka. Zamani nyumba ya ukoo Kerala ilikuwa na kona yake ya kiwanja, mara nyingi kusini-magharibi, inaachwa miti na mitambaazi ijiotee yenyewe, hakuna kukata tawi wala kuokota kuni, ni ya nyoka. Mtu wa Kilifi ataelewa haraka, ni kama kaya za Wamijikenda, ile misitu yao mitakatifu. Wenyeji wanasimulia kwamba Parasurama, shujaa wa hadithi za Kihindu, alipoitoa nchi kwenye bahari udongo ulikuwa chumvi tupu, haulimiki, mpaka nyoka wakaombwa wautibu kwa sumu yao, ndo maana mwenye shamba anawaachia kipande chao. Njia imezungukwa na sanamu za mawe za nyoka, nyingi kupita kiasi, zimepakwa unga wa manjano. Usiziguse, usitoke njiani, na usichume hata jani. Nyoka wa kweli nao wamo, ila hawajaja kukuona wewe.

Kitu kilichonigusa zaidi ni huyu Amma, yaani mama, kuhani mkuu wa hapo. Kwa Wanambudiri makuhani ni wanaume, wanawake waliitwa antharjanam, yaani wa ndani, lakini hapa mkuu wa ibada ni mama mkubwa wa nyumba, aliyeingia kwa kuolewa. Hadithi yao ni kwamba mke wa ukoo huo ambaye hakuwa na mtoto alijaliwa kumzaa nyoka wa vichwa vitano, ambaye wanamwita Muthassan, babu, na wanaamini yumo mpaka leo kwenye chumba cha chini cha nyumba. Sasa mama ndiye anayemhudumia mwanawe, nani mwingine amhudumie? Uma Devi Antharjanam alishika nafasi hiyo toka 1993 mpaka alipofariki 2023, akafuatia Savithri Antharjanam.

Ndo maana wanaotafuta mtoto wanakwenda sana. Wanatoa uruli, chungu kipana cha shaba, kinapelekwa kwa ngoma kuzunguka hekalu kisha kinafudikizwa. Mtoto akizaliwa wanarudi naye, chungu kinafunuliwa. Ukikutana na wenzi wamekibeba wapishe, na simu iache mfukoni, hilo ni jambo la moyoni mwa watu. Ukitaka kutoa kitu nawe, chumvi au manjano, uliza kaunta, kila kitu kina risiti yake.

Siku kubwa ni Ayilyam, siku ya nyota yenye jina hilo, ya mwezi wa Thulam wa kalenda yao, kati ya Oktoba na Novemba, tarehe inafuata nyota kwa hiyo inabadilika kila mwaka. Siku hiyo Amma mwenyewe anabeba sanamu ya Nagaraja kutoka hekaluni kuipeleka illam, na umati usiseme. Kama una mgonjwa au mtoto mdogo chagua siku nyingine, na bajaji ya kurudi stesheni patana nayo kabisa kabla hujaingia ndani.