Arobaini ya mzazi (siku arobaini ambazo aliyejifungua hukaa ndani): nini cha kuandaa, na jinsi ya kuivuka siku ya tatu

1. Vitu, kabla ya wiki ya 36 ya ujauzito

Kanga sita za zamani zilizofuliwa na kuanikwa juani (mpya ni ngumu na hazinyonyi maji), pedi kubwa pakiti tatu, nepi za kitambaa dazeni mbili, mabeseni mawili tofauti ya mama na mtoto, na kikombe kidogo cha chuma au glasi kinachoweza kuchemshwa. Chupa ya kunyonyeshea usinunue. Chuchu yake ni shida kusafisha, na mtoto akiizoea anaweza kulikataa titi. Maziwa ya kukamua atayanywa kwa kikombe hata akiwa na siku moja.

2. Gawa kazi

Nani anachota maji, nani anapika uji na mtori, nani anampeleka mkubwa shule. Wataje kwa majina, maana "tutasaidiana" huishia kwa mama kufua mwenyewe.

3. Siku ya tatu

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kati ya siku ya pili na ya nne maziwa hujaa. Titi hukakamaa, chuchu hulala bapa, mtoto anateleza na kulia. Nyumba nzima inaamua maziwa hayatoshi, kopo la maziwa linanunuliwa. Mtoto akishiba kopo, titi halitolewi maziwa, na mwili unapunguza kuyatengeneza. Sasa kweli hayatoshi.

Fanya hivi. Nawa mikono. Weka ncha za vidole kuizunguka chuchu, juu ya ule weusi, ubonyeze taratibu kuelekea kifuani kwa dakika moja mpaka palainike. Kamua kidogo tu. Ukikamua mpaka titi liwe tupu, kesho litajaa zaidi. Kisha mlete mtoto kwenye titi, usimwinamie. Tumbo lake liguse lako, pua ielekee chuchu, usubiri afungue mdomo kama anayepiga miayo. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na weusi unaonekana zaidi juu kuliko chini.

Maumivu yakiendelea baada ya sekunde za mwanzo, hajashika. Pitisha kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, mtoe, anza upya. Ukimvuta tu, chuchu itapasuka.

Akimaliza, weka kitambaa cha maji baridi. Usiruhusu mtu akukande titi kwa nguvu, uvimbe utaongezeka. Homa ikipanda, au sehemu ya titi ikiwa nyekundu na yenye maumivu, nenda kituoni huku ukiendelea kunyonyesha.

Na kutosha kwa maziwa kusipimwe kwa kilio. Hesabu nepi: kuanzia siku ya tano, mikojo sita au zaidi kwa saa 24, na choo kiwe kimegeuka cha njano.

4. Maji ya moto

Kukandwa tumbo kwa maji yanayochoma hakutoi "damu chafu". Mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe, hasa mtoto anaponyonya. Maji hayo huunguza ngozi na kuharibu mshono. Aliyeshonwa kwenye njia ya uzazi ajisafishe kwa maji safi ya uvuguvugu kila atokapo chooni, ajikaushe kwa kugusagusa. Aliyepasuliwa asikandwe kabisa.

5. Kitovu

Kikavu, nje ya nepi. Majivu, mafuta na mate, hapana. Dawa ni ile tu mliyopewa kituoni.

6. Vidonge

Vya kuongeza damu, miezi mitatu baada ya kujifungua. Meza kwa maji. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

7. Kliniki

Tanzania mahudhurio ni ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Matatu ya kwanza yanaangukia ndani ya arobaini, kwa hiyo ongea na bibi mapema kuwa mzazi atatoka. Andika tarehe ukutani.

Usisubiri tarehe kama pedi inalowa chepechepe ndani ya saa moja, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au mama ana homa. Kwa mtoto: hanyonyi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, joto limefika 37.5, au viganja na nyayo ni vya njano. Nauli ya usiku iwekwe pembeni tangu sasa, pamoja na namba za madereva wawili, kwa sababu mmoja atakuwa amezima simu.