Kupanga Mfumo wa Kwanza wa Akuaponiki Nyumbani

Akuaponiki ni njia ya kufuga samaki na kukuza mboga kwa kutumia maji yale yale, ambayo huzunguka kutoka tangi la samaki kwenda kwenye kitalu cha mimea na kurudi. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua yao, na amonia hiyo ni sumu kwao. Bakteria wa kundi la Nitrosomonas huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine, hasa wa kundi la Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huinyonya kama mbolea. Kwa hiyo mwenye mfumo huu anafuga viumbe wa aina tatu, si wawili, na mifumo mingi mipya huharibika kwa sababu bakteria, ambao hawaonekani kwa macho, hawakupewa muda wa kutangulia.

Watu wengi huanza kwa kununua tangi, kisha wakajiuliza litabeba samaki wangapi. Ningeshauri hesabu ianzie upande wa mimea, kwa kuwa kiungo kinachofunga mfumo mzima ni kiasi cha chakula cha samaki kinachoingia kila siku. Mboga za majani huhitaji takribani gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya kitalu, na mimea ya matunda kama nyanya na pilipili huhitaji gramu 50 hadi 80. Tuchukue kitalu cha mita moja ya mraba chenye mboga za majani, kinachohitaji gramu 50. Samaki wanaoendelea kukua hula karibu asilimia 2 ya uzito wao kwa siku, hivyo gramu 50 zitaliwa na samaki wenye uzito wa jumla wa kilo 2.5, yaani samaki kumi wa gramu 250 kila mmoja. Kwa anayeanza, kilo 10 za samaki kwa kila lita 1,000 za maji ni kiwango cha busara, na kwa kiwango hicho tangi la lita 250 linaonekana kutosha.

Linaonekana tu, kwa sababu kuna jambo ambalo michoro mingi hailitaji. Kitalu cha kokoto chenye kina cha sentimita 30, kinachojazwa maji hadi sentimita 25 ili juu pabaki pakavu, huchukua takribani lita 100 za maji katika nafasi zilizo kati ya kokoto, na maji hayo hutoka kwenye tangi. Tangi la lita 250 litabaki na lita 150 kila kitalu kinapojaa, na samaki watabanwa. Ni afadhali kuchagua tangi la lita 400 au 500, ambalo pia hubadilika joto polepole na humpa mfugaji muda wa kurekebisha kasoro kabla samaki hawajadhurika.

Mahali pa kuweka mfumo pachaguliwe kabla ya chochote kufungwa. Lita 500 za maji ni kilo 500, na kitalu tulichokitaja, kikiwa na changarawe ya kawaida na maji, hukaribia kilo 600, kwa hiyo sakafu iwe imara na tambarare, na roshani isitumiwe bila ushauri wa fundi anayejua uwezo wake. Mimea ipate jua la kutosha, lakini tangi lifunikwe au liwe kivulini, kwani mwanga unaoingia majini huzalisha mwani. Waya wa pampu ulegezwe ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili matone yasifuate waya hadi kwenye umeme.

Kokoto za milimita 8 hadi 20 zinafaa. Zioshwe vizuri, kisha chache zimwagiwe siki: zikitoa mapovu zina chokaa, nayo itapandisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, bila kukoma. Mabomba ya shaba na vyombo vya mabati viepukwe, kwa kuwa shaba na zinki huwadhuru samaki. Pampu iweze kuzungusha ujazo wote wa tangi mara moja kwa saa, na uwezo huo usomwe katika kimo ambacho maji yatapandishwa, kwa sababu nguvu ya pampu hupungua kadiri kimo kinavyoongezeka. Sifoni ya kengele, bomba lenye kifuniko linalomwaga maji ya kitalu lenyewe kinapojaa, ni nzuri, lakini hutaka mtiririko uliorekebishwa kwa makini; kwa mfumo wa kwanza, bomba la kusimama linaloweka kikomo cha maji kitaluni, lenye tundu dogo chini la kuyarudisha tangini, pamoja na saa ya kuwasha pampu dakika 15 na kuizima dakika 45, halisumbui. Pampu ya hewa ifanye kazi muda wote.

Maji ya bomba yenye klorini yaachwe yakipulizwa hewa kwa siku moja au mbili. Yakiwa na kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, dawa maalumu ya kuiondoa itahitajika. Baada ya hapo, ili bakteria wazaliane, mfumo uzungushwe bila samaki, ukiongezewa amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi ifike miligramu 2 au 3 kwa lita. Katika maji ya vuguvugu kazi hii huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita. Mfumo uko tayari pale amonia na nitriti zinapotoweka ndani ya saa 24 na nitrati ikaonekana kwenye vipimo. Nawasihi wanaoanza wasikifupishe kipindi hiki, kwani samaki wanaowekwa mapema huungua matamvua na kufa.

Samaki wachaguliwe kwa joto la maji yaliyopo: perege hustawi kwenye nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi, ilhali trauti hutaka maji baridi. Waanze wachache, na chakula kisicholiwa ndani ya nusu saa kiondolewe. Dawa za kuua wadudu zisipuliziwe mimea kamwe. Baada ya miezi kadhaa pH hushuka yenyewe. Idumishwe kati ya 6 na 7 kwa kuongeza kidogo kidogo kalsiamu kaboneti na potasiamu kaboneti kwa zamu, ambazo pia hulisha mimea. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mimea imekosa chuma, na chuma cha kilati, yaani kilichofungwa ili kibaki kimeyeyuka majini, kitarekebisha. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inunuliwe pamoja na vifaa vya kwanza, kwani umeme ukikatika samaki waliojaa tangini wanaweza kuishiwa oksijeni ndani ya saa chache.