SOMO: Stadi za DBT kwa video za bure

Swali la "nitapata wapi video za DBT bila kulipa" limerudi tena wiki hii. DBT ni tiba ya kisaikolojia inayofundisha stadi za kukabiliana na hisia kali. Jibu zima ni hili, lisomeni hadi mwisho.

1. Ingia YouTube, tafuta DBT-RU. Ni chaneli ya Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Video ni fupi.

2. Weka 360p, bando lisiishe.

3. Anza na umakini, yaani kutambua kinachoendelea sasa hivi bila kukihukumu. Stadi za kustahimili dhiki, kudhibiti hisia na kuishi na watu zote zinauegemea. Marsha Linehan, aliyebuni tiba hii, aliuita kiini.

4. Stadi moja kwa wiki. Kila jioni andika daftarini: hisia gani, kali kiasi gani (0 hadi 5), ulitumia stadi ipi. Asiyeandika huishia kuwa mtazamaji tu.

5. TIPP (stadi ya kutuliza hisia kali haraka kwa kupitia mwili), hatua ya maji baridi. Hapa ndipo wengi huharibu. Kunawa uso hakutoshi, na kuoga maji baridi si jambo lilelile. Jaza karai, inama, bana pumzi, zamisha uso mpaka macho na sehemu ya juu ya mashavu vifunikwe, kwa sekunde 30 hivi. Ukishindwa kuvumilia, inuka. Mapigo ya moyo hupungua, na hasira au hofu hushuka nayo kwa muda mfupi. Tumia muda huo kuamua utafanya nini. Maji ya tangi la juu ya paa huwa vuguvugu mchana, kwa hiyo ongeza barafu, lakini yasishuke chini ya nyuzi 10. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. ONYO: mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, au mwenye tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha, amwone daktari kwanza.

MASWALI

— Niwekee link.
Hatua ya 1.

— Nina presha, natumia dawa. Nijaribu tu kidogo?
Hapana. Onyo liko hapo juu. Muulize daktari wako kwanza.

— Kwa nini lazima nibane pumzi? Baridi peke yake haitoshi?
Swali zuri sana, dada. Mwili huitikia kama umepiga mbizi: uso ukipata baridi huku pumzi imebanwa, neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi moyoni, huupunguza mwendo wa moyo. Viwili vikienda pamoja, mwitikio huwa na nguvu zaidi.

— Video zinaweza kuchukua nafasi ya mtaalamu?
Haziwezi. DBT kamili ina pia vikao vya mtu mmoja mmoja, kundi la mafunzo na msaada wa simu kati ya vikao. Ukiwaza kujidhuru, usifungue video: piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au nenda hospitali iliyo karibu.

— Kiingereza chao kinanikimbia.
Punguza kasi hadi 0.75 na uwashe manukuu. Tafsiri ya mashine ya Kiswahili ipo, ila majina ya stadi huyavuruga, kwa hiyo yaandike kama yalivyo.

— Na nikipandwa na hasira kwenye matatu, karai nitalitoa wapi?
TIPP ina pumzi pia. Vuta kwa sekunde 4, toa kwa 6, hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Kutoa lazima kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ukisikia kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno. Vuta kidogo, kasi iwe ileile.